Kwa nini Wajapani sherehe zao kubwa wanazirundika kwenye joto la kuua mtu?

#1 Mluguru_Safarini

Wakuu, heshima kwenu.

Nimerudi Morogoro wiki iliyopita. Nilikuwa Kobe wiki kumi kwa mafunzo ya majitaka (msinicheke, ndiyo kazi inayonilisha) kuanzia mwisho wa Juni, na kila nilipopata siku ya mapumziko nilikuwa njiani. Nimeona mengi, nitayaleta taratibu. Ila kuna jambo moja limenikaa kooni, nalitupa hapa.

Tarehe 17 Julai tulipewa ruhusa darasa zima twende Kyoto kuona Gion Matsuri. Joto nyuzi 37, upepo hakuna, mji wenyewe uko bondeni kama sufuria lililofunikwa. Katikati ya joto hilo wanaume waliovalia rasmi wanavuta magari ya mbao wanayoyaita hoko. Makubwa yana tani 12, na ukihesabu na mlingoti juu yanafika mita 25.

Halafu gari halina usukani! Nilisimama kwenye kona ya Shijo na Kawaramachi. Likifika pale linasimama. Wanatandika vipande vya mianzi mibichi iliyopasuliwa chini ya magurudumu ya mbele, wanavimwagia maji kwa ndoo, kisha kundi zima linahamia ubavuni na kuvuta kamba kwa mkupuo mmoja. Tani 12 zinateleza kama kipande cha sabuni, theluthi ya kona. Mianzi inapangwa upya, maji tena, wanavuta tena. Mara ya tatu ndipo linakuwa limegeuka, umati unalipuka kama goli limeingia. Gurudumu peke yake lina kimo changu. Pembeni yangu mzee mmoja mwenye taulo lililolowa shingoni alianza kupepesuka, mjukuu wake akamshika mkono akamkalisha kivulini, na yule mzee hakutoa macho kwenye lile gari.

Agosti nikapanda mpaka Aomori, kule juu kabisa kwenye ncha ya kisiwa kikuu, kuona Nebuta, sherehe ya masanamu ya taa. Joto lilelile, watu wanaruka barabarani saa mbili nzima.

Sasa swali. Japani ina Aprili ya maua na Oktoba yenye ubaridi mtamu kama wa Lushoto. Kwa nini sherehe kubwa ziwe Julai na Agosti? Nilimwuliza mwalimu wetu, akacheka, akasema ndiyo majira yake. Hilo si jibu.

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimetandika mkeka. Picha ziko wapi?

#3 Kichwa_Ngumu

Wiki kumi za majitaka, mtu anarudi na swali la joto. Kodi zetu hizi.

#4 Mluguru_Safarini

#3 Wamelipa Wajapani wenyewe, tulia. #2 Picha zinakuja, bando langu linasuasua.

#5 Kabati_la_Vitabu

Mkuu, Gion haikuanza kama burudani, ilianza kama dawa. Mwaka 869 maradhi yalikuwa yakiwamaliza watu. Wakaamini ni roho zenye hasira, za watu waliokufa kwa dhuluma. Wakasimamisha mikuki 66, mmoja kwa kila jimbo la nchi ya wakati ule, wakaomba zitulie. Hoko maana yake ni mkuki wenyewe. Lile gari ulilolishangaa ni mkuki uliovimba kwa karne nyingi mpaka ukaota magurudumu.

Kwa nini Julai? Kwa sababu maradhi yalikuwa na msimu. Mvua za Juni zinakwisha, mto Kamo umetapika kingo zake, visima vimechafuka, joto linaingia. Watu wanaanza kuharisha. Wewe mtu wa majitaka ulitakiwa kulijua hilo kabla yetu.

#6 Mluguru_Safarini

Umenipiga penyewe. Kipindupindu chetu nacho hufuata masika. Asante, ila hiyo ni Kyoto. Aomori je?

#7 Bukavu_Nagoya

Bonjour wote. Mimi ni mtu wa Bukavu, niko Nagoya mwaka wa kumi na moja, nasafirisha magari yaliyotumika. Baadhi yenu mnayaendesha huko Dar na Mombasa.

Kabati anasema maradhi. Mimi nasema wafu. Agosti katikati ni Obon, kama tarehe 13 hadi 16, roho za mababu zinarudi nyumbani. Hapa kwetu yadi inafungwa, kila mtu anaenda kijijini kwao kuosha makaburi. Jirani yangu, mama wa miaka themanini, kila mwaka anachukua tango, analichoma vijiti vinne liwe na miguu, halafu bilinganya vilevile. Tango ni farasi, ili mababu waje mbio. Bilinganya ni ng'ombe, ili wakiondoka waende polepole na mizigo yao. Anaviweka mbele ya picha ya mume wake. Mwaka wa kwanza nilidhani ni mchezo wa wajukuu.

Ngoma nyingi za Agosti ni za kuwachezea hao wageni. Awa Odori ya Tokushima, 12 hadi 15 Agosti, ndiyo hiyo. Kyoto tarehe 16 saa mbili usiku wanawasha moto mkubwa kwenye milima mitano kuwaaga. Kwa hiyo sherehe inafuata ratiba ya wafu. Wafu hawasikii joto.

#8 Kichwa_Ngumu

"Wafu hawasikii joto." Naondoka na hiyo.

#9 Binti_Makunduchi

Assalaam alaykum. Nilisoma Hiroshima miaka miwili, naomba niongeze la kalenda.

Wajapani walikuwa na kalenda ya mwezi kama sisi Waislamu, ila wao waliirekebisha isipotee majira. Tarehe 1 Januari 1873 wakahamia hii ya Wazungu. Sherehe zote zikavurugika. Tanabata ni siku ya 7 ya mwezi wa 7, nyota mbili zipendanazo zinakutana angani. Ukiiweka 7 Julai ya sasa, mvua za Juni bado hazijaisha, mawingu yametanda, hakuna nyota itakayokutana na nyota. Ndiyo maana Sendai wanaifanya 6 hadi 8 Agosti, wamesogeza mwezi mmoja. Obon nayo hivyohivyo, Tokyo kuna wanaoifanya Julai, kwingine Agosti. Sherehe ziliangukia kwenye joto kwa ajali ya kalenda, si kwa kupenda.

Sisi Makunduchi tunaelewa. Maulidi yanatembea na mwezi, Mwaka Kogwa unafuata jua, hauhami Julai.

#10 Kabati_la_Vitabu

Dada Binti, umesema kweli nusu. Piga hesabu. Mwezi wa 7 wa kalenda ya kale uliangukia Agosti au karibu yake. Wakikaa na kalenda ya kale, bado Tanabata ingekuwa Agosti kwenye jasho lilelile. Kogeza tarehe kulikuwa ni kurudisha sherehe mahali pake. Na Gion ilikuwa siku ya 7 na ya 14 ya mwezi wa 6, leo ni 17 na 24 Julai. Msimu haukubadilika. Kalenda inaeleza tarehe, haielezi joto.

#11 Binti_Makunduchi

Nimekubali kwa shingo upande. Kuna jambo moja lakini. Kwa hesabu yao ya kale mwezi wa 7 ulikuwa mwanzo wa majira ya majani kudondoka. Ushairi wao mpaka leo unahesabu Tanabata kama jambo la majira hayo. Kwa hiyo moyoni mwao hawafanyi sherehe kwenye joto, wanaaga joto. Mwili ndio hauna habari.

Halafu andika "kusogeza", mwenye kabati.

#12 Kabati_la_Vitabu

Kusogeza. Simu imenisaliti.

#13 Mwas_wa_Nyahururu

Sasa nyinyi wasomi mmeacha kitu rahisi. Shule zinafungwa mwisho wa Julai mpaka mwisho wa Agosti. Nani atavuta hayo magari na kuruka barabarani kama vijana wako darasani? Kaka yangu alikuwa mwanariadha wa timu ya kampuni huko miaka sita, anasema mitaa haina vijana, wanarudi tu wakati wa likizo.

#14 Kichwa_Ngumu

Na mimi naleta ya kwangu: PESA. Angalieni ratiba ya kaskazini-mashariki. Morioka 1 hadi 4 Agosti. Aomori 2 hadi 7. Akita 3 hadi 6. Yamagata 5 hadi 7. Sendai 6 hadi 8. Mababu gani hao wanaofika kwa zamu kama mabasi ya Ubungo? Zimepangwa mgeni aruke mji hadi mji akiacha pochi yake kila kituo. Mwaka 2024 wageni walikuwa karibu milioni 37. Mleta uzi mwenyewe kaliwa.

#15 Mluguru_Safarini

#14 Nimeliwa kweli. Tokyo hadi Shin-Aomori ni saa tatu na ushee, tiketi zaidi ya yeni 17,000 kwenda tu. Nililala kwenye kibweta, hizi hoteli za kuingia kama mkate kwenye tanuri.

Aomori niliuliza watu watatu nikapata majibu matatu. Mwanamke aliyenikodisha vazi la wachezaji aliniambia Nebuta linatokana na neno la usingizi. Zamani kazi ya shamba wakati wa joto iliwafanya wakulima wasinzie, wakaamini ni pepo, wakawa wanamtupa mtoni pamoja na taa za karatasi. Kijana wa hotelini akasema la, kuna jemadari wa kale, Sakanoue no Tamuramaro, aliwavuta maadui watoke mafichoni kwa sanamu kubwa, taa na filimbi. Mzee wa duka la tufaha (Aomori ni tufaha tupu) akasema zote ni hadithi, ni Tanabata tu imenenepa.

Lakini wakuu, mambo yenyewe! Sanamu la shujaa na joka, upana mita 9, urefu kwenda juu mita 5, karatasi juu ya waya, taa ndani, karibu tani nne kwenye mkokoteni. Wanaume chini wanalizungusha mpaka uso wa joka unakuinamia wewe uliyesimama ukingoni. Ukivaa vazi lao unaruhusiwa kuingia mgeni yeyote, unaruka mguu mmoja mara mbili, mguu wa pili mara mbili, mnaitikia "rassera, rassera". Vazi lina vikengele vidogo, vinadondoka lami. Ukiokota kimoja ni bahati. Mimi niliokota vinne, magoti yakanidai siku tatu.

#16 Kabati_la_Vitabu

Ya Tamuramaro itoe kwenye hesabu. Alipigana kaskazini kweli, mwanzoni mwa karne ya 9, lakini wanahistoria hawaoni kwamba aliwahi kufika Aomori. Ya usingizi ina uzito, maana Akita nako sherehe yao, Kanto, inatoka kwenye "kutupa usingizi" huohuo. Kule wanasimamisha mianzi ya mita 12 yenye taa 46, kilo 50 hivi, juu ya kiganja, bega, kiuno, mpaka paji la uso. Taa zimepangwa kama suke la mpunga. Kwa hiyo ongeza sababu nyingine: mpunga unakaribia kuchanua, wanauombea.

#17 Kiti_cha_Mbele

Mpaka sasa tuna maradhi, wafu, kalenda, likizo, pesa, usingizi, mpunga. Nani anaongeza? Na picha bado.

#18 Salum_Kobe_Zamani

Naongeza tetemeko. Mwaka 869 huohuo wa Gion kulikuwa na tetemeko kubwa na mawimbi ya bahari pwani ya kaskazini-mashariki, eneo lilelile lililopigwa Machi 2011. Na miaka mitano kabla mlima Fuji ulilipuka. Watu walidhani dunia inaisha. Gion ilikuwa ya kutuliza ardhi.

Halafu #1, Kobe ulisali wapi? Msikiti wa Kobe ni wa mwaka 1935, wa kwanza Japani nzima. Ulivuka mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995 ukiwa umesimama.

#19 Kabati_la_Vitabu

Salum, tetemeko lilipiga mbali sana na Kyoto. Na sala ya kwanza ya aina hiyo ya kutuliza roho ilifanyika Kyoto mwaka 863, kabla ya tetemeko na kabla ya Fuji ya 864. Hofu za miaka ile zilirundikana, hilo sikatai. Ila mzizi ni maradhi.

#20 Mluguru_Safarini

#18 Mimi ni Mkristo ndugu, ila wenzangu wawili, Mmisri na Mbangladeshi, walikuwa wanaswali hapohapo kila Ijumaa. Shida yao ilikuwa chakula. Supu inaonekana ya samaki, kumbe mchuzi umechemshiwa mifupa ya nguruwe.

#21 Binti_Makunduchi

Tena si nguruwe tu. Kuna mirin, mvinyo mtamu wa mchele, unaingia kwenye kila kitoweo. Mimi miaka miwili nilikula onigiri (matonge ya wali) za samaki na mayai nikisoma karatasi ya nyuma herufi moja moja. Hiroshima nilijifunza kusoma neno la nguruwe kabla ya kujifunza kuandika jina langu.

#22 Kichwa_Ngumu

Tumetoka kwenye joto tumeingia jikoni. Na mapipa ya taka je? Shemeji yangu alikwenda kikazi, anasema alitembea na ganda la ndizi mfukoni siku nzima.

#23 Salum_Kobe_Zamani

Hiyo inasemwa ni tangu 20 Machi 1995, lile kundi la Aum lilipoachia gesi ya sumu kwenye treni za Tokyo. Mapipa yakaondolewa.

#24 Bukavu_Nagoya

Inasemwa, ndiyo. Lakini mimi naona pia ni gharama. Pipa likiwepo, mtaa lazima ulipe mtu wa kulimwaga. Taka yako ni yako, rudi nayo kwako, uitenganishe, uitoe siku yake. Mwaka wangu wa kwanza nilitoa chupa siku ya karatasi. Mfuko ukarudishwa mlangoni kwangu na kibandiko chekundu. Hakuna aliyenisemesha. Nilitamani wangenitukana.

#25 Mwas_wa_Nyahururu

Turudi. Mnasema sherehe za joto, mbona kuna za baridi nyingi tu? Sapporo, Februari, majumba ya theluji. Walianzisha wanafunzi mwaka 1950, sanamu sita bustanini. Chichibu ni 2 na 3 Desemba. Na msisahau 2 na 3 Januari, mbio za kupokezana za Hakone, vyuo vikuu, kilomita 217 kutoka Tokyo kwenda na kurudi. Si za dini lakini nchi nzima inakaa mbele ya runinga. Wakenya wamekimbia humo tangu 1989. Wakijua mkimbiaji ni wa kwetu wazee barabarani wanapiga kelele "ganbare", yaani kaza, mpaka sauti inakauka. Wanjiru wetu wa Nyahururu alisoma sekondari Sendai, akaja kuchukua dhahabu ya Olimpiki 2008.

#26 Kichwa_Ngumu

Nilikuwa nahesabu dakika mpaka Mkenya alete riadha.

#27 Mwas_wa_Nyahururu

Leta ya kwako kama unayo.

#28 Salum_Kobe_Zamani

Juma Ikangaa wetu alishinda marathoni ya Fukuoka mwaka 1986. Tunayo. Endeleeni.

#29 Binti_Makunduchi

Mwas amenikumbusha. Saidaiji, Okayama, Jumamosi ya tatu ya Februari, si mbali na Hiroshima. Wanaume karibu elfu kumi wamevaa kitambaa cha kiunoni tu, usiku, baridi ya kukata masikio. Wanapita kwenye maji ya baridi kwanza, kisha wanasongamana hekaluni. Saa nne usiku taa zinazimwa, padri anarusha vijiti viwili vitakatifu kutoka juu. Atakayekitoa kijiti nje ni mtu wa bahati mwaka mzima. Sisi wanawake tulikuwa jukwaani tumejifunga mablanketi. Juu ya ule msongamano wa miili mvuke ulikuwa unapanda kama wali umeepuliwa.

Kwa hiyo joto si hoja. Wanatafuta tabu. Joto kali au baridi kali, sherehe lazima iumize kidogo ndipo Mungu wao aone umekuja. Hata kwetu Makunduchi wanaume wanapigana kwa migomba Julai, hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini isiwe kwa mito ya kulalia.

#30 Bukavu_Nagoya

Dada, hapo umegusa bega langu. Mtaani kwetu kuna sherehe ndogo, haimo kwenye kitabu chochote cha wageni. Wana mikoshi, kile kiti cha mungu kinachobebwa kwa miti mabegani. Vijana hakuna, wazee wakaja kunigongea mlango kwa adabu nyingi na sanduku la keki. Nikakubali. Kosa lilikuwa kimo. Mimi nina mita moja na themanini na nane, wenzangu wananifika shingoni. Mti wote ulikaa kwangu! Nikikunja magoti, naungua mapaja. Nikinyoka, mungu wao anapinda upande. Jioni bega lilikuwa na uvimbe kama yai, mzee mmoja akaligusa akaita wenzake waje kuona, wakanipigia makofi. Wao wana sugu pale tangu ujana.

Nikamwuliza mzee swali hilihili la mleta uzi. Kwa nini sasa hivi, kwenye joto hili? Akafikiri kweli, si kwa mzaha. Akasema: baba yangu alibeba tarehe hii.

#31 Kabati_la_Vitabu

Mila nayo inasogea ikibanwa. Mwaka 2018, tarehe 24 Julai, msafara wa kofia za maua wa Gion ulifutwa kwa sababu ya joto, watoto ni wengi mle. Siku moja kabla Kumagaya ilifika nyuzi 41.1, rekodi ya Japani.

#32 Salum_Kobe_Zamani

Rekodi imeshavunjwa, mkuu. Isesaki, 5 Agosti 2025, nyuzi 41.8.

#33 Kabati_la_Vitabu

Asante, nilipitwa.

#34 Mluguru_Safarini

Tarehe hiyohiyo nilikuwa ndani ya treni narudi kutoka Aomori! Kituoni Tokyo nilinunua chupa tatu za chai ya shayiri nikazimaliza kabla ya kufika jukwaani.

Sasa nikiri jambo. Kule Gion kwenye kila gari wanauza chimaki. Nilikuwa nimeambiwa chimaki ni wali wa kunata uliofungwa kwenye majani ya mwanzi. Nikanunua kifungu, yeni 1,000, nikasema hiki cha jioni. Nimefika chumbani, njaa inauma, nafungua jani la kwanza, la pili, la tatu. Ndani nyasi kavu. Nikafungua kingine. Nyasi. Nikajua nimeibiwa. Kesho yake nikaenda kumlalamikia mwalimu na ushahidi wangu mkononi, akaweka mikono miwili mdomoni.

#35 Kabati_la_Vitabu

HAPANA. Mkuu umekula hirizi?

#36 Mluguru_Safarini

Sikuila, niliivua nguo tu.

#37 Kabati_la_Vitabu

Hiyo ni kinga ya mlangoni. Ina karatasi imeandikwa "mimi ni wa uzao wa Somin Shorai". Somin alikuwa fukara. Mungu mmoja alikuwa safarini, akaomba pa kulala kwa ndugu yake tajiri, akafukuzwa. Somin akampokea, akamlaza kwenye mabua, akampa uji wa mtama. Mungu akaapa kwamba maradhi yatauruka uzao wake. Mungu huyo ndiye wa Gion. Watu wa Kyoto wanatundika mwaka mzima, mwaka unaofuata wanaleta mpya.

Na ile ya wanaume uchi aliyosema Binti ina dada yake Iwate, hekalu la Kokuseki-ji, kwa jina la huyuhuyu Somin. Zaidi ya miaka elfu moja. Februari 2024 wamefanya ya mwisho. Haikuuawa na joto wala baridi, wazee wameisha nguvu na vijana hawapo.

#38 Mwas_wa_Nyahururu

Hiyo imeniuma kidogo. Miaka elfu halafu basi.

#39 Mluguru_Safarini

Kwa hiyo lile hekalu la Kibudha pale mwisho wa barabara, Yasaka, ndilo la huyo mungu?

#40 Binti_Makunduchi

Yasaka ni jinja, nyumba ya ibada ya Kishinto, dini yao ya asili. Ukiona lango la torii ujue ni jinja.

#41 Kabati_la_Vitabu

Leo ndiyo. Zamani vilichanganyika humohumo. Mwaka 1868 serikali ikaamuru vitenganishwe, ndipo likapewa jina la Yasaka. Kabla ya hapo mleta uzi angekuwa sahihi.

#42 Mluguru_Safarini

Mnaona, nimechelewa tu miaka mia na hamsini na kitu.

#43 Dogo_Msafiri

Wakuu samahani kwa kuingilia kati. Nataka kwenda mwakani, wiki mbili. Ile tiketi ya treni ya wiki nzima inafaa?

#44 Salum_Kobe_Zamani

Oktoba 2023 ya siku saba ilipandishwa kutoka yeni 29,650 hadi 50,000. Tokyo hadi Kyoto ni kama 14,000. Ukienda na kurudi tu hujafika hata 30,000. Usinunue mpaka upige hesabu ya safari zote.

#45 Mluguru_Safarini

Na ni ya wenye viza ya matembezi tu. Mimi wa mafunzo nilikataliwa dirishani, kwa heshima sana, dada aliinama mara tatu. Nara usikose, ila biskuti za kulungu ficha. Ukiinama nao wanainama, ukichelewa kutoa wanang'ata. Shati langu la kitenge lilibaki na tobo.

#46 Kichwa_Ngumu

Hata kulungu wamekuona umekaa kama majani.

#47 Bukavu_Nagoya

Dogo, njoo Oktoba au Novemba. Mwenyeji ninakuambia. Agosti utalipa mara mbili na utatoka jasho mara tatu.

#48 Dogo_Msafiri

Lakini sherehe zenyewe si ndiyo Agosti?

#49 Bukavu_Nagoya

Ndiyo.

#50 Kiti_cha_Mbele

Tumerudi pale pale pa #1.

#51 Mwas_wa_Nyahururu

Kura yangu inabaki kwa likizo za shule.

#52 Binti_Makunduchi

Tabu.

#53 Kichwa_Ngumu

Pesa.

#54 Mluguru_Safarini

Asanteni wote, picha nimezipandisha ukurasa wa pili, ile ya mianzi na maji imetoka vizuri.

Ile chimaki niliifunga tena na uzi wa kushonea, nikaja nayo, nikaitundika juu ya mlango wa mbele. Jana asubuhi mama katoka kufagia, kaiona. Hakuniuliza. Kaenda kumwita mjomba, mjomba kaja na mzee wa kanisa, sasa hivi wako uani watatu wanaitazama na hakuna anayetaka kuishika. Kabati, ule mstari wa uzao wa Somin, niandikie kwa Kiswahili chepesi haraka.